Rangi: Damu ya Mzee

Mke wangu alinituma dawa ya kikohozi saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Siku nyingine ningenung'unika, maana jioni yangu ni ya redio na kiti. Siku hiyo nilinyakua kofia kabla hajamaliza kuniambia ni chupa ya ukubwa gani.

Nilikuwa natafuta sababu. Uani, chini ya turubai, lilisimama gari langu la mbio, jipya, la milango miwili, na kwa siku tatu nzima nilikuwa sijaliendesha hata mita kumi. Siku ya kwanza lililetwa juu ya lori kwa kuwa vibao vya namba havikuwa tayari. Siku ya pili vibao vikaja, mvua nayo ikaja. Siku ya tatu shemeji yangu alikuja kutusalimia, akaegesha gari lake langoni, akala, akalala, akaamka, akaomba chai. Nami nazunguka turubai kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa. Nimesubiri hadi umri wa miaka sabini na minne, halafu nizuiwe na mtu anayepuliza chai!

Kwa miaka thelathini na saba nilikuwa karani katika ofisi ya usajili wa magari. Niliandika magari ya watu: namba ya injini, namba ya chasisi, jina la mwenye gari, rangi. Nyumbani nilirudi kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, na baadaye kwa pikapu ya ofisi iliyokuwa ikitetemeka kila ikifika mwendo wa arobaini. Walimu walionisomesha, enzi za mkoloni, walikuwa na fimbo na kamusi, na walivitumia vyote viwili. Kwao kila kitu kilikuwa na jina lake, na jina la kukisia lilikuwa kosa. Nikawa hivyo hivyo. Mtu akiandika "bluu", namrudishia fomu yake. Bluu gani? Kuna samawati, kuna nili. "Jaza kikamilifu," nilikuwa nasema. "Hatupokei fomu nusu." Wakanibandika jina la Bwana Kikamilifu, nami sikulichukia.

Sheria za kadi ya gari nazijua kama vidole vyangu. Kosa halifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja. Aliyeandika ndiye anayekata, na pembeni hutia saini ya jina lake. Muhuri ukishagongwa, hakuna tena kukata. Hubaki wazi safu moja tu, ya chini kabisa, inayoitwa Maelezo, ambamo mtu anaweza kufafanua yaliyoandikwa juu, na akikosea humo humo, akakata neno lake mwenyewe. Nimewarudisha nyumbani watu wazima wakilia kwa sheria hizo.

Gari nililipata kwenye yadi ya dalali mmoja mwenye meno mazuri na mwandiko mbaya. Mita yake ilisoma kilomita tisa tu. Tulijaza kadi juu ya boneti.

"Hapo kwenye rangi andika nyekundu, mzee, tumalize," alisema.

"Hii si nyekundu."

"Basi nyekundu iliyokolea."

"Hakuna rangi yenye jina hilo. Hii ni damu ya mzee."

Kila mtu anaijua rangi hiyo, nyekundu iliyokaribia kuwa nyeusi, ya makochi ya zamani na majalada ya vitabu vya sheria. Ndilo jina lake. Sikulitunga mimi.

Dalali aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Umesema wewe, mzee. Mimi nimesema nyekundu."

"Nimesema mimi. Lete kalamu."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora. *Damu ya mzee.* Akagonga muhuri upesi, wino haujakauka, kama mtu anayefunika sufuria isimwagike.

Sasa nirudi kwenye jioni ile, na kwenye kikohozi. Kilikuwa cha mjukuu wetu, msichana wa miaka mitano tunayemlea kwa sababu mama yake, binti yetu, ni muuguzi wa zamu. Mtoto ana jina la cheti, zuri, la herufi kumi na moja, lakini nyumbani halina mtumiaji. Alizaliwa na upara na mikunjo ya paji, mkunga akasema, "Jamani, mmeletewa mzee!" Jina likaganda. Naye akalistahili. Hutembea ameweka mikono nyuma kama mimi. Hukemea kuku. Bibi yake huniita Babu Mzee, yaani babu wa Mzee, nami humwita Bibi Mzee, na wageni hawaelewi nani ni nani. Neno pekee analojua kuandika ni hilo. MZEE. Ameliandika kwenye gazeti langu, kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa, kwenye vumbi la turubai kwa kidole. Z yake huigeuza, inaangalia nyuma.

Alinikuta navuta turubai.

"Babu, unakwenda na gari letu?"

"Nakwenda kukuletea dawa."

"Nipeleke na mimi."

"Una kikohozi."

"Kikohozi kinakaa kifuani, babu. Hakijazi kiti."

"Mzee, rudi ndani!" mke wangu aliita kutoka dirishani.

"Mzee yupi?" niliuliza.

"Wote wawili mkirudi nitapumzika!"

"Abee, bibi!" mtoto akaitika, akaondoka mikono nyuma.

Nilikaa. Ngozi ya kiti ilitoa sauti ndogo, kama mtu aliyepumua. Klachi ilishuka laini. Gia ya kwanza, gia ya pili, na hapo ndipo nilipobaki, kwa sababu mtaa wetu una matuta saba na mashimo yasiyo na idadi. Kila tuta lililamba tumbo la gari nami nikauma meno. Fundi viatu wa pale kona alisimama na sindano mkononi.

"Babu! Umemwibia nani?"

Nilikunja uso kuficha tabasamu. Dawa niliipata saa kumi na mbili kamili, chupa ya kati, na nilipaswa kugeuza nirudi. Niligeuza upande mwingine, kuelekea barabara ya mchepuo, ile mpya inayozunguka mji, pana, isiyo na tuta hata moja. Dakika kumi tu, nilijiambia.

Saa ya dashibodi ilisoma saa kumi na mbili na dakika saba nilipoingiza gia ya tatu.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza furaha ile na nimeshindwa, mimi niliyedai kila kitu kina jina. Mgongo ulibanwa kitini wenyewe. Lami iliingia chini ya boneti kama kitambaa kinachoingia chini ya sindano ya cherehani. Injini haikunguruma, iliimba, na wimbo ulipanda mguuni mwangu, gotini, kifuani. Gia ya nne. Nguzo za umeme zilipita moja moja, kisha mbili mbili, kisha nikaacha kuzihesabu. Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti, babu mzima. Miaka yote niliyokaa nyuma ya dirisha nikiandika raha za wengine ilinitoka kwa pumzi moja.

Gia ya tano.

Kisha ikaja harufu.

Harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kiganjani. Nilifungua kioo. Ikazidi.

Kisha sauti, chini ya dashibodi. Tok... tok... tok... Kama bomba lisilofungwa vizuri. Niliangalia geji ya joto, iko sawa. Ya mafuta, iko sawa. Kwenye boneti mwanga wa mwisho wa jua ulikuwa umelala, na niliona rangi inabadilika. Iliiva. Kuna sehemu ilikuwa imefifia kidogo karibu na taa ya kushoto, niliiona yadini nikainyamazia. Sasa ilikuwa inajaa, taratibu, kama shavu la mtu anayeona haya.

Tok... tok...

Injini ikazima. Sikuigusa. Gari likatembea kwa nguvu zake za mwisho, likaenda pembeni, likasimama.

Hapo pembeni alikuwa amesimama mtu.

Hakukuwa na kituo, nyumba, wala njia ya miguu. Alivaa suti ya kazini iliyopigwa pasi mara nyingi mno, faili kwapani, kalamu mfukoni. Angeweza kuwa karani yeyote niliyefanya naye kazi. Kioo cha upande wa abiria kikashuka chenyewe. Harufu ya gundi na karatasi iliyolowa ikaingia.

"Bwana Kikamilifu," alinong'ona.

Tangu nistaafu hakuna aliyeniita hivyo.

"Wewe ni nani?"

"Wa ofisi."

"Ofisi ipi?"

Alilamba kidole gumba, akafunua faili. Kidole kikaacha alama kwenye pembe ya karatasi. Rangi ile ile. Naijua kwa jina.

"Rangi," alisoma. "Damu ya mzee." Akainua macho. "Mzee gani?"

"Sikukuelewa."

"Umeandika mzee. Wazee ni wengi. Mzee gani?"

Nilitazama mikono yangu kwenye usukani. Nyeupe kwenye vifundo, mishipa imetuna. Nikajua anachouliza, na nilikuwa na umri wa kutoogopa sana.

"Mimi," nilisema.

"Kadi haisemi wewe."

"Basi nasema sasa."

"Hatupokei kwa mdomo." Akafunua ukurasa mwingine, taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi foleni ikiwa ndefu. "Nyumbani kwako, likiitwa jina hilo, huitika nani?"

Macho yangu yalikwenda kwenye chupa ya dawa.

"Nauliza... huitika nani?"

*Abee, bibi.* Niliisikia kichwani wazi kabisa.

"Kukaa kimya si jibu," alinong'ona. "Ila tumeshaanza na anayeitika."

"Huyo ni mtoto! Hiyo ni rangi tu! Ni jina la rangi!"

"Ndiyo. Na umeliandika vizuri sana." Akafunga faili. "Gia mbili za kwanza ni za mafuta, bwana. Zinazofuata ni za kadi. Safu ya Maelezo iko wazi, kama unavyojua. Jaza kikamilifu."

Nilifumba macho nikayafumbua. Pembeni mwa barabara kulikuwa na nyasi. Hakuna mguu uliokuwa umezilaza.

Kadi ilikuwa nyumbani, kwenye mtoto wa meza. Kutoka pale hadi nyumbani ni kilomita kumi na moja.

Gari liliwaka mara moja, kwa utii. Niliingiza gia ya kwanza, kisha ya pili. Mguu ulitaka kukanyaga, na nikauzuia kwa mkono, naapa, nilishika goti langu kwa mkono wa kushoto nikalirudisha nyuma. Mtoto yuko nyumbani anatokwa na nini, sijui. Dawa iko kwenye kiti cha pembeni. Chini yangu kuna injini inayoweza kunifikisha kwa dakika tano, nami natambaa kwa mwendo wa thelathini! Malori yalinipigia honi. Dereva mmoja alipita ubavuni akatoa kichwa nje. "Mzee, liuze ununue punda!" Machozi yalinitoka, na sitasema yalikuwa ya huzuni. Ilikuwa hasira. Kutembea kwa miguu yangu hii kungechukua saa tatu. Nilisimama mara mbili kuomba lifti. Hakuna aliyesimama kwa ajili ya babu mwenye gari la mbio.

Injini ililia kwenye gia ya pili njia nzima. Na mara nyingine, nasema kweli, ilinong'ona. *Tatu... tatu...*

Nilifika saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Mke wangu alikuwa kizingitini, mtoto mapajani, taulo puani. Taulo lilikuwa jeupe asubuhi.

"Ulikuwa wapi, Babu Mzee? Ulikwenda kuichemsha hiyo dawa?"

"Alianza lini?"

"Taarifa ya habari ilikuwa imeanza tu. Dakika ya tano, ya saba hivi. Alikuwa anacheka peke yake, anaruka ruka, anasema anakimbia. Halafu damu. Ikazidi, ikazidi, mimi napiga kelele, majirani wakaja. Halafu ikakata ghafla, kama mtu amefunga bomba."

"Mzee," nilimwita mtoto, na papo hapo nikatamani nijiume ulimi.

"Abee, babu," aliitika kwa sauti ndogo. "Gari lina kasi, eh?"

Binti yetu alikuja kesho yake akiwa bado na sare, akamtoboa mtoto kidole, akaenda na damu kazini, akarudi na karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Damu imepungua sana, baba. Hii si ya kutoka puani kwa dakika chache. Sijui imekwenda wapi."

Mimi nilijua. Ilikuwa uani, inang'aa.

Nilikwenda kwanza kwa dalali. Mngetarajia yadi iwe imetoweka. Haikutoweka, alikuwepo, na meno yake yote.

"Mzee, mimi nilikwambia uandike nyekundu," alisema. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulimwambia nani nini! Ungenieleza kwa nini!"

"Nikueleze nini? Sijui chochote. Watu watatu walilichukua kabla yako. Wote waliandika nyekundu. Wote wakalirudisha, wanasema haliendi zaidi ya gia ya pili. Kadi zao nikachoma, mita haijafika hata kilomita kumi. Sasa niambie wewe..." Akasogea karibu. "Kwako lilikwenda?"

Niliangalia viatu vyangu.

"Lilikwenda," alisema, akarudi nyuma hatua moja. "Basi hilo ni lako, mzee wangu. Silipokei."

Jioni ile nilikaa mezani na kadi na kalamu. Nilijaribu kuvunja sheria yangu mwenyewe: nikapiga mstari juu ya *damu ya mzee*, chini ya muhuri. Karatasi iliunywa wino. Mstari ulizama mbele ya macho yangu na maneno yakabaki yamesimama vile vile. Niliwarudisha watu wangapi nyumbani kwa sheria hii? Sasa nilikuwa mimi dirishani, na nyuma ya dirisha hakukuwa na mtu wa kubembeleza.

Nikashuka kwenye Maelezo. Nikaandika: *Mzee aliyetajwa hapo juu ni mwenye gari, na si mwingine yeyote.* Nikatia saini ya jina langu kamili. Wino ukakaa.

Mtoto alikuwa amesimama ubavuni pangu, mikono nyuma, akichungulia kama daktari.

"Karatasi hii ni ya nini, babu?"

"Ya gari."

"Inasema nini?"

Nilikuwa nimechoka. Ningemwambia ukweli wowote mwingine. Maisha yangu yote nimechagua maneno, na siku hiyo nikamjibu mtoto ovyo ovyo ili anyamaze.

"Inasema nani anakwenda na gari."

"Ahaa," alisema Mzee.

Sasa lililo baya zaidi. Ningeweza kufunika gari siku ile na kulisahau. Nilijiambia lazima nijaribu, nione kama ufafanuzi umekubaliwa. Huo ni uongo. Mtu aliyekwisha kuonja gia ya tano hajaribu kitu. Alhamisi jioni nilitoka, nikafika barabara ya mchepuo, nikaingiza gia ya tatu, na baridi ilianzia kwenye vidole vya miguu ikapanda. Tok... tok... Nikapiga simu nyumbani. Mtoto anacheza. Pua kavu. Nikaingiza ya nne. Nikacheka tena.

Alhamisi nne nilifanya hivyo. Mke wangu aliniona ninavyofifia, akaninyima funguo, nikazitafuta, akazificha, nikazipata. Tuligombana kama vijana.

"Unakufa, bwana wee!"

"Ninaendesha!"

"Ndiyo hayo hayo!"

Binti yangu alinipima pia, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeridhika. Damu ilikuwa yangu, furaha ilikuwa yangu, na kadi ilisema hivyo kwa maandishi.

Alhamisi ya tano sikuwa na nguvu za kusimama. Nilikaa mezani nitoe kadi nisome saini yangu, inifariji. Usingizi ukanichukua mbele yake, kalamu iko wazi. Jua lilikuwa bado dirishani nilipozinduka.

Kilichonizindua ni injini.

Uani hakukuwa na mtu. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Chini ya turubai gari lilikuwa linawaka... taratibu... kama paka anayekoroma.

Nilitazama kadi. Safu ya Maelezo. Chini ya sentensi yangu, chini ya jina langu kamili, kwa wino wa kalamu yangu, kulikuwa na herufi nne kubwa zilizopanda mlima.

MZEE.

Z ilikuwa inaangalia nyuma.

"Nilikusaidia, babu," alisema, amesimama mlangoni. "Ulikuwa umechoka. Leo nakwenda mimi."

Aliigusa pua yake, akatazama kidole, akanionyesha. Hakuogopa. Alikuwa anatabasamu, na nywele zake zilisogea kidogo juu ya paji, kana kwamba upepo unampiga. Ndani ya nyumba hakukuwa na upepo.

Tangu jioni hiyo mimi sina kazi nyingine. Gari silipeleki popote. Nimelitoa betri, huwaka bila betri, kila siku jua likizama. Kuichoma kadi yenye neno la mtoto sithubutu, sijui kitaungua nini. Mstari wangu juu ya neno lake huzama kama ule wa kwanza, maana aliyeandika ndiye anayekata. Ni yeye tu. Akate neno lake kwa mstari mmoja, kisha pembeni atie saini ya jina lake. Nimeizunguka sheria hiyo pande zote na haina tundu. Nilisaidia kuiziba mwenyewe.

Na jina analoweza kuandika ni moja. Kukata *Mzee* kwa saini ya *Mzee* ni kuliandika mara ya pili.

Kwa hiyo namfundisha jina la cheti. Herufi kumi na moja. Tunaanza baada ya chakula cha mchana, tunaandika kwenye makaratasi ya zamani ya ofisi. Nyumba nzima tumekatazana kumwita lile jina lingine, na kila siku kuna anayeteleza. Jana alikuwa mke wangu, akiwa na sahani mkononi. "Mzee, njoo ule." Akasimama pale pale, sahani ikaanguka. Mtoto akaitika. Tukimwita kwa jina la cheti hageuki. Anadhani tunamwita mtu mwingine.

Juma lililopita alifika herufi ya saba. Mikono yake ni myepesi sasa, na kucha zimekuwa nyeupe. Binti yangu huja na chupa za dawa za kuongeza damu, hutundika, husubiri, hupima, na hutazama dirishani kwenye turubai bila kuniuliza. Nadhani hataki kujibiwa.

Leo mchana nilifurahi. Aliandika herufi zote kumi na moja mfululizo, bila kuangalia mfano. Nikaona leo ndiyo leo. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. Nikaleta kadi, nikamshika mkono, akakata lile neno kwa mstari mmoja, ulionyooka kuliko mstari wangu wowote. Haukuzama. Mke wangu aliziba mdomo kwa khanga.

"Sasa hapa pembeni," nilimwambia. "Andika jina lako."

"Jina langu?"

"Jina lako mwenyewe. Kikamilifu. Usiharakishe."

Alilamba kidole gumba, sijui amejifunza wapi, akalainisha karatasi. Akainama. Alitoa ncha ya ulimi kama kawaida yake. Nilifumba macho nikahesabu mikwaruzo ya kalamu ili nijue amefika wapi, na mikwaruzo ilikwisha mapema mno.

"Tayari, babu."

Nikavaa miwani.

Nje, chini ya turubai, gari likawaka, likaingia gia ya tatu.